Orodha ya Walio Juu ya Bomba

Bi Somoe wa Namichenje aliajiriwa kulinda mkuza wa bomba la gesi, ukanda ambamo sheria inakataza mtu kuchimba wala kujenga. Tajiri Likwemba akaanza kuchimba humo humo msingi wa gesti. Barua tatu za katazo aliwapa wauza karanga wafungie. Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa jirani. Sururu moja ingekosea, wangelipuka wote.

Asubuhi moja tajiri akamjia na karatasi. "Weka sahihi hapa kwamba niko nje ya mkuza, mama. Ukikataa, kazi huna."

"Ya nini tugombane, tajiri? Lete," alisema Bi Somoe, akifungua daftari kutafuta kalamu. "Umenipunguzia jina moja kwenye orodha ya walio ndani. Inachukuliwa kesho."

"Orodha ya nini?"

"Mlinzi huambiwa nini? Nimeambiwa tu niandike jina, ukubwa wa jengo, na umbali kutoka kwenye bomba. Waliolipwa fidia ya barabara nao waliandikwa hivi hivi."

Likwemba akaikunja karatasi yake haraka. "Niandike! Vyumba ishirini. Hatua tatu."

"Tatu ni mbali, tajiri."

"Basi niko juu yake kabisa!" Akatia sahihi daftarini, akagonga na muhuri wa kampuni yake.

Kesho yake mkaguzi wa bomba alifika na tingatinga. Likwemba alimlaki kwa soda baridi, akauliza malipo lini.

"Malipo yapi?"

"Ah! Basi mimi niko nje ya mkuza!"

Mkaguzi akamwonyesha muhuri, kisha akamgeukia dereva. "Anza hapa. Huyu kajipima mwenyewe."