Kilio Katika Wimbo wa Hukumu

Waliotunga methali ya kikulacho ki nguoni mwako waliwajua chawa vizuri. Mtu akiwashwa hukung'uta kitanda cha mwenzake, akamlaumu mgeni aliyelala jana, na shati lake mwenyewe halivui. Dhambi nayo ndivyo ilivyo, ila hiyo haifi kwa maji ya moto.

Kwaya moja ilikwenda studio kurekodi wimbo wa siku ya hukumu. Waimbaji walikuwa kumi na wawili pamoja na kiongozi wao, mwanamke ambaye kwa uzuri wa sauti yake watu walimwita Zumari. Kaka yake alipiga kinanda. Zamani nafasi ya mbele ilikuwa ya wifi yake, mke wa huyo kaka. Miaka miwili nyuma, Zumari aliwaambia wazee wa kanisa kwamba alimwona wifi akitoka alfajiri katika nyumba ya mwanamume. Wifi akatengwa na meza ya Bwana, na mumewe akamrudisha kwao pamoja na mtoto. Jumapili iliyofuata Zumari alisimama mbele, na sare ilimkaa vizuri.

Studio ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa magodoro ya zamani. Waliimba mara moja. Fundi mitambo akawatazama kupitia kioo cha chumba chake.

"Nani analia humo ndani?"

Wakatazamana. Akawafungulia rekodi wasikie. Chini ya sauti zao mwanamke alikuwa akilia taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Zumari alijikaza kisabuni. "Ni dada wa sauti ya pili. Tangu asubuhi anavuta kamasi. Atoke."

Dada akatoka. Wakaimba tena, na kilio kikawa karibu zaidi.

"Basi ni mzee wa besi. Sisi tulifunga siku tatu, yeye nilimkuta anatafuna."

"Nilikuwa nameza vidonge, binti yangu," mzee alisema, akachukua fimbo yake.

Kila walipoimba kilio kilirudi, na kila kiliporudi Zumari alimpata mwenye kosa. Huyu msengenyaji, yule hakusali asubuhi, mwingine ana kinyongo na mama mkwe wake. Wote wakaenda kukaa nje.

"Dada, mwimbaji umebaki wewe tu," fundi alisema. "Hebu imba."

Aliimba mstari mmoja tu, kwamba siku hiyo kila lililofichwa litasema. Fundi akabonyeza kitufe. Wimbo haukusikika. Kilisikika kilio, kisha sauti ya mtoto: "Mama, baba anakuja kutuchukua lini?"

Kaka mtu aliinuka kwenye kinanda. "Huyo ni mke wangu. Na huyo ni mwanangu."

Zumari alikuwa amemtambua wifi yake tangu mara ya kwanza. Akaketi sakafuni.

"Kaka, nilidanganya. Wifi sikumwona popote. Niliitaka nafasi yake."

Kaka alimtazama mpaka fundi akainamisha uso. "Miaka miwili unakula kwangu," alisema, "unaniambia Mungu atanipa mke mwingine."

"Nisamehe."

"Msamaha utamwomba yeye. Naenda kuwachukua. Jumapili utayasema haya mbele ya kanisa, naye atakuwa amekaa kiti cha mbele."

Akatoka bila kufunga kinanda. Zumari akageukia kioo.

"Fundi, futa hicho kilio."

"Nimeshakifuta mara tatu, dada."

Fundi akakifungua tena ili amwonyeshe. Mtoto alikuwa amenyamaza, na wifi hakusikika. Kilio kilikuwa kingalipo, ila sasa kilitoka kwa sauti ya Zumari mwenyewe, naye mdomo ameufumba. Watu kumi na mmoja aliwatoa chumbani akimtafuta mwenye dhambi. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.