Aliyekuja na Disketi

Mtu akishamhukumu mwenzake moyoni, hata salamu yake huisikia kama njama. Hayo ndiyo yaliyompata Angelina, mwandishi wa programu katika kiwanda kimoja cha vitambaa huko Kihonda, mwaka ule kilipotoka mikononi mwa serikali kikauzwa kwa mtu binafsi.

Upepo wa kupunguza wafanyakazi ulikuwa ukivuma. Mmiliki mpya akamleta Hatibu, mtaalamu kutoka Dar es Salaam, na disketi mkononi.

“Dada Angelina, hii husoma programu yote na kuitengenezea faharasa. Ukiuliza jina lolote, inakuonyesha kila mahali lilipotumika.”

“Ikishajua yote, mimi nitabaki na kazi gani?”

Hatibu akatabasamu. Angelina aliliona tabasamu lile kama la paka aliyenusa panya. Akaifungia disketi kabatini.

Haukupita muda, khanga zikaanza kutoka zimepauka. Wekundu ulichuja kwenye maji ya kwanza. Joto la matangi ya rangi lilipangwa na kompyuta kwa programu ya Angelina, lakini meneja alimshika Mzee Mwinshehe, fundi wa rangi, mtu wa Mlali aliyezeekea katika mvuke ule.

“Unatuhujumu kwa kuwa kiwanda kimeuzwa,” alimwambia, akampa hadi Ijumaa ajitetee.

Angelina naye alikuwa na mtuhumiwa wake. Akamfuata Hatibu.

“Umeichezea programu yangu ili uonekane mkombozi.”

“Sijaigusa,” Hatibu akajibu taratibu. “Nidhanie utakavyo, ila mzee wa watu anafukuzwa. Toa nakala ya programu, tuipime kwa disketi ile. Kaa wewe kwenye kiti, mimi nitasimama mlangoni.”

Angelina akakaa, jicho moja kwenye kioo cha kompyuta, jingine mlangoni. Akaitoa disketi kabatini, akaiingiza, akaielekeza kwenye nakala. Kompyuta ikanguruma, ikasoma faili baada ya faili.

“Sasa uliza jina unalolitilia shaka,” Hatibu alisema kutoka kule.

Akaandika: JOTO. Yakajitokeza mafaili mawili yaliyobadilisha thamani ya jina hilo: la matangi ya rangi, na la chumba cha kukaushia, ambalo Angelina mwenyewe aliliandika harakaharaka baada ya kiwanda kuuzwa. Kila mara chumba hicho kilipowashwa, joto lake dogo lilichukua nafasi ya lile la matangi, na rangi haikushika.

Angeweza kulifuta kosa kimyakimya. Hatibu hakuwa akikiona kioo. Mzee angeondoka, na siri ingeondoka naye.

“Njoo uone,” akasema. “Ni mimi.”

Wakaenda pamoja kwenye matangi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Rangi niliiharibu mimi bila kujua. Twende kwa meneja, nikaseme mbele yako.”

Mzee Mwinshehe akavua glavu zake.

Siku hiyo mzee alirudishiwa heshima yake, na Angelina akapewa onyo kali, asilipinge. Lililomchoma zaidi ni kwamba alimchunga Hatibu kwa macho wakati mharibifu alikuwa amekalia kiti chake mwenyewe. Hakika, umdhaniaye ndiye kumbe siye.