Bega la Tano

Mwenye kukohoa akohoe sasa, na mwenye mtoto wa kulia amnyonyeshe, kwani hekaya hii haipendi kukatizwa. Katika mji wa Shamsiya, wenye misikiti ya mawe meupe na milango ya msaji iliyochongwa maua, alitawala Sultani Ghaibu bin Hayati, mnene wa mwili na mwembamba wa huruma, na kidoleni mwake alivaa pete ya akiki ambamo alifungwa jini jina lake Harharuni.

Na kazi ya jini huyo ilikuwa moja tu. Kila watu walipotoka barabarani kumlalamikia Sultani, Harharuni alijitandaza mbele yao mrefu kama mnara, akamnusa kila mmoja, akajua anachokitaka na anachokiogopa, kisha akamshika kwa hicho hicho. Mwenye njaa alitupiwa gunia la mchele akarudi nalo nyumbani, na mwenye uchu wa cheo alivikwa kilemba, na mwoga alionyeshwa shimo la gereza. Na kabla jua halijafika utosini barabara ilikuwa tupu, na paka wamelala katikati yake. Watu wa Shamsiya wakawa wanaoneana haya hata kutazamana.

Ikawa Sultani akalitia kufuli birika la msikiti, lililokusanya maji ya mvua ya mji mzima, ili pasiwe na mtu wa kuchota maji ila kwa idhini yake. Mzee mmoja mchota maji, jina lake Mbwarali, akasimama penye birika akasema, "Maji ya mvua ni ya Mwenyezi Mungu, hayana kufuli." Akatiwa gerezani, na humo akafa. Naye Sultani, kwa kuwa aliogopa mazishi kuliko vita, akapiga mbiu kwamba maiti atachukuliwa na hamali wanne basi, na mtu wa tano atakayetia bega chini ya jeneza atakatwa mkono wa kulia.

Nanyi mwaijua desturi. Jeneza likikupitia, hata liwe la mtu usiyemjua jina, unainuka ukatia bega hatua chache, ukampokea aliyechoka, nawe ukapokewa na mwingine, na hivyo maiti hufika makaburini kwa mabega ya mji mzima. Kuikataza desturi hiyo ni kama kuwakataza watu kuitikia salamu.

Alasiri ile Shekue bin Omari, mfanyabiashara wa udi na miski, alikuwa ameketi barazani kwake. Huyu hakuwa na kesi na Sultani. Kisima chake kilikuwa uani, mali yake ilikuwa salama, na Ijumaa ya mbele alikuwa amuoe Ruzuna binti wa Kadhi, ambaye alimpenda hata usingizi ukamhama. Kando yake, tunduni, alikuwapo kasuku wake, ndege mwenye maneno kuliko wakili.

Jeneza likatokea pembeni mwa njia, na hamali wanne chini yake, mmoja akichechemea, na nyuma yao hapana hata mtu, na madirisha yote yamefungwa. Shekue akaona haya, ikampanda mpaka masikioni. Akainuka.

"Bwana wangu, keti," akasema kasuku. "Huyo si baba yako wala si mjomba wako."

"Najua."

"Na bwana harusi asiye na mkono, nani atamwoza binti yake?"

"Nyamaza! Nikiketi leo, nitakuwa mtu wa kuketi maisha yangu yote. Ruzuna hastahili kuozwa mtu wa namna hiyo."

Akashuka barazani, akampokea yule mwenye kuchechemea, akatia bega.

Hapo upepo ukavuma, na Harharuni akasimama njiani, akainama akamnusa tangu kilemba mpaka makubadhi.

"Marehemu alikuwa nduguyo?"

"Hapana."

"Alikuletea maji?"

"Nina kisima changu."

"Wataka usultani?"

"Mungu aniepushe nao."

"Ila hofu unayo," akasema jini, akafurahi. "Hofu naisikia tele!"

"Ninayo, tena kubwa. Nimekuja nayo hivyo hivyo."

Jini akapitisha kiganja hewani, na Shekue akauona mkono wake mwenyewe ukining'inia penye lango la kasri, na Ruzuna akipita chini yake amejifunika uso. Akalia. Nasema alilia, tena kwa kwikwi, mbele ya hamali. Lakini bega halikutoka.

"Mbona hushikiki?" jini akauliza, na sauti yake ikawa ya mtu aliyechoka. "Sema unachokitaka nikupe, kila mtu aende zake."

"Sitaki kitu. Jeneza limenipitia, nami ni mtu. Wewe je, Harharuni, u Mwislamu?"

"Tangu babu wa babu yako hajazaliwa."

"Basi nawe limekupitia."

Jini akalitazama jeneza. Tangu atiwe katika pete alikuwa akiamriwa tu, hapakuwa na aliyemwambia kwamba naye ana wajibu wake. Akajipunguza mpaka akawa na kimo cha mwanadamu, akasema, "Inna lillahi," akatia bega. Na sheria ya majini ni kwamba mfungwa akitenda jambo moja kwa hiari yake, kifungo hukatika. Na kule kasrini akiki ikapasuka kidoleni mwa Sultani.

Mlango mmoja ukafunguka, kisha wa pili, kisha mtaa mzima ukamwagika njiani. Askari waliotumwa kuwatawanya wakaegemeza mikuki ukutani, kwani jeneza lilikuwa limewapitia nao, na mama zao walikuwa juu ya madari wakiwatazama. Wakafika langoni kwa kasri, na Sultani amesimama hapo akisugua kidole.

"Maulana," akasema Shekue, "mbele ya jeneza hapana mkubwa. Hamali amechoka, mpokee."

 Sultani angetia bega, pengine wangemsamehe, maana watu wa Shamsiya ni wepesi wa kusamehe. Lakini aligeuza uso. Ndipo mkuu wa askari, aliyemlinda tangu ujana, akauvua upanga, akauweka miguuni pake, akaenda kupokea mahali pale alipopakataa bwana wake. Sultani akatoka kwa mlango wa nyuma juu ya punda wa muuza mboga, wala hakuna aliyejisumbua kumfukuza.

Mbwarali akazikwa na mji mzima. Harharuni akalivunja kufuli la birika kwa ukucha mmoja, na watu wakanywa, wakarushiana maji, wakacheka kama waliotua mizigo. Shekue akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaukanda tangu kiwiko mpaka vidole, akamshukuru Mungu, akalia tena, mara hii kwa raha.

Ikafika Ijumaa. Jini akaleta sanduku la udi ambalo kila ukichoma huwa limejaa, nalo likamtajirisha Shekue yeye na wanawe. Na Ruzuna akamtuma kungwi wake aseme, "Nilikuwa dirishani. Ungeketi, nami ningekaa kwetu."

Basi jueni kwamba waliokuja njiani kwa haja hurudishwa kwa haja. Na aliyekuja kwa kuwa ni haki, hapana pa kumshikia.

Na Kadhi, kama ilivyo ada ya nikaha, akautwaa mkono wa kulia wa Shekue amwoze binti yake, akaukamata kwa mikono miwili kabla ya kutamka neno, kwani hukumu ya kuukata mkono ule, ni yeye aliyekuwa aitoe.