Wema Uliolishinda Zimwi la Mtungini

Tegeni masikio, wanangu, hadithi imeshafika mlangoni.

Alikuwepo Mwakio, mtu mpole aliyewabeba wagonjwa mgongoni kuwapeleka kwa mganga. Lakini ndani ya mtungi wake wa pombe liliishi zimwi. Kila alipokunywa, zimwi nalo lilimnywa yeye, kidogo kidogo, mpaka akaisha, akafa.

Dada yake, Wakesho, akauendea ule mtungi huku analia.

"Nirudishie kaka yangu!" Mtungi ukacheka.

"Nirudishie kaka yangu!" Mtungi ukatetemeka.

"Nirudishie kaka yangu!" Zimwi likatoka, refu kuliko mlima, limeshika tumbo.

"Yeye sinaye tena, mama," likaguna. "Nimemmaliza. Ila wema wake umenishinda. Unaniunguza!"

Likatapika mwanga, likaanguka, likafa. Mwanga ukapanda angani, ukapasuka, kila kipande kikatua mbele ya mlango wa mtu, mabondeni na vilimani, hata kule ambako Wakesho hakuwahi kufika. Milango ikafunguka. Watu asiowajua wakatoka, wengi ajabu, wakamlilia Mwakio kwa jina lake.

Wakesho akapiga magoti, akasema, "Kaka, kumbe ulifika kote huku!"

Mimi nimeishia hapo. Mwenye machozi ayafute.