Vidonda vya Mkuyu wa Kisimani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaalikana harusini, palikuwa na mkuyu mkongwe uliokitia kivuli kisima cha kijiji. Bi Kindi alizalia wanawe kwenye tundu la mkuyu ule, kama alivyofanya bibi yake.

Basi wanangu, sifa za mti zikavuma. Wakaja wageni kutoka mbali kuutazama, Tembo na Nyati mbele. Kuutazama tu? Thubutu! Kwaru, kwaru, Tembo akachora alama yake kwa pembe. Nyati akachuna gome apeleke zawadi kwake. Mizizi wakaikanyaga hadi udongo ukawa sakafu. Majani yakapukutika, maji ya kisima yakaanza kupungua.

Kila asubuhi wanakijiji, wakiongozwa na Nungunungu, walitifua udongo, wakatia samadi, wakaviziba vidonda vya mti kwa matope. Kila jioni wageni walibandua matope yale, huku wanacheka. Mimi nikikikumbuka kicheko kile, damu inanichemka.

"Kwani ni mti wa mama yako?" Nyati alimuuliza Bi Kindi.

Bi Kindi akarudi tunduni na hasira zake. Kesho yake akawaita wote kisimani.

"Wageni wetu," akasema kwa upole, "hapa tunabishana. Ile alama kubwa kuliko zote ni ya shujaa gani?"

"Yangu," Tembo akavimba. "Nani mwingine ana pembe kama hizi?"

"Wewe umekwaruza tu," Nyati akadakia. "Pale palipobaki peupe, nimechuna mimi."

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia," kijiji kikaitikia.

Mkia wa Bi Kindi ukasimama wima. "Kwetu hapa, aliyemjeruhi mwenzake humuuguza mpaka apone. Asiyemuuguza hanywi kisimani. Nungunungu, wape ndoo za samadi."

Nyati akababaika. "Lakini sisi ni wageni."

"Mgeni hamchuni mwenyeji ngozi."

Tembo akatazama huku na huku. Jua lilikuwa kali, na mto wa karibu zaidi ulikuwa mwendo wa kutwa nzima. Koo lilishamkauka. Akainama, akachukua ndoo.

Wakabeba samadi na matope, puu, puu, migongo ikiwauma, na hakuna aliyewaonea huruma. Hawakuruhusiwa kwenda kwao mpaka gome jipya lilipofunga.

Ukijisifia jeraha ulilomtia mwenzio, jiandae kuliuguza.