Mwili Una Moto

Bwana asifiwe! Kaeni, kaeni chini. Kwaya, asanteni sana, lakini na nyinyi kaeni.

Nimewasikia. Kwaya ikiimba, kelele zinatoka huko nyuma: "Moto! Moto! Ongeza moto!" Na mimi kabla sijashika hata maikrofoni, mtu ananinong'oneza, "Mchungaji, leo uwe moto." Haya. Leo tutaongea habari za moto, na sidhani kama mtafurahi. Ni mfano tu, nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asianze kumtazama jirani yake.

Alikuwepo mwalimu wa kwaya mmoja, mtu wa bidii, mcha Mungu kabisa. Kwaya yake ilikuwa imerekodi video yake ya kwanza, na Jumapili ndiyo siku ya uzinduzi. Wageni wamealikwa, mabango yamebandikwa mpaka sokoni. Kilichobaki ni kompyuta yake pale nyumbani iunganishe picha na sauti, itoke video iliyokamilika. Na kompyuta inamgomea! Inaanza kwa mbio, ikifika katikati inajikokota. Mwalimu anaikaripia utadhani ina masikio. Mnacheka? Nyinyi simu zenu hamzitukani?

Akamwita fundi, dada mmoja anayetengeneza kompyuta pale mjini. Dada akaweka mkono juu ya mashine, akauondoa upesi.

"Mwalimu! Mashine yako ina moto!"

Mwalimu akainua mikono yote miwili. "Amina! Utukufu kwa Bwana!"

"Amina ya nini tena? Nakwambia inaungua!"

Ndiyo, chekeni. Chekeni sasa hivi.

Yule dada akamweleza taratibu. "Humu ndani kuna prosesa, ndiyo ubongo wake. Ni kidude kidogo tu kama ukucha, na kinafanya kazi kwa mapigo. Kila pigo linakula umeme, na umeme wote huo unaishia kuwa joto. Ukitaka mapigo yaende haraka zaidi, inabidi ukisukumie umeme zaidi, na joto linapanda kuliko hata mwendo unavyopanda. Kwa hiyo kikizidiwa, chenyewe kinapunguza mwendo. Si uvivu, mwalimu. Kinajiokoa kisife."

"Basi nitolee hiyo breki, dada yangu. Jumapili hiyo inakuja."

"Sitoi ng'o! Hata wanaozitengeneza waliufukuzia mwendo miaka na miaka, joto likawashinda. Wakaona afadhali waweke bongo kadhaa ndani ya prosesa moja, zigawane kazi, kila mmoja uende kwa mwendo unaouweza. Sasa wewe utaweza wapi? Ipe hewa, ipunguzie mzigo, itamaliza yenyewe."

Mwalimu akaelewa. Na nataka mkumbuke kwamba alielewa vizuri kabisa. Akafungua ubavu wa mashine, akapangusa vumbi, akaleta feni kutoka chumbani, akaielekeza palepale penye joto. Kila baada ya kitambo anaweka kiganja chake juu ya bati, anasikilizia kama imepoa. Watoto wakipita mbio anawafokea, wasije wakaitikisa.

Sasa, hicho chumba alikotoa feni, alikuwa amelala nani? Mke wake.

Mke huyu ndiye mwimbaji wa mbele wa kwaya ile. Ndiye pia anayefundisha watoto shule ya Jumapili. Ndiye anayefagia kanisa, anayepokea wageni, anayelala hospitalini na wagonjwa wasio na ndugu. Pale kanisani ukiuliza hili nani atalifanya, kanisa zima linakujibu kwa pamoja: mama Anyisile. Wiki ile, kwa mara ya kwanza, mama Anyisile alishindwa kuinuka.

Akaita, "Baba Anyisile."

"Naam, mama."

"Naomba mtafute mwingine wa kuimba Jumapili. Sijisikii vizuri. Mwili una moto."

Ndugu zangu, mtu huyu ametoka kufundishwa habari za moto, somo bado la motomoto kichwani. Mnajua alijibu nini? Alicheka kwa furaha! "Moto ndio tunaoutaka, mama Anyisile! Shetani ameona uzinduzi umekaribia, anakujaribu. Usimpe nafasi."

"Baba Anyisile, natetemeka."

"Pole, mke wangu. Meza vidonge vya maumivu, simama kwa imani. Jumapili ikipita utapumzika."

Na hakumgusa. Jamani! Kiganja kilekile kilichokuwa kinapapasa bati la kompyuta asubuhi na jioni hakikufika kwenye paji la uso la mkewe. Mashine ilipunguza mwendo, ikaletewa feni. Mke alipunguza mwendo, akaambiwa ni shetani.

Ngojeni. Hatujafika bado.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa, wengine wamesimama madirishani. Video imetoka safi, hakuna aliyeitoa kasoro. Kompyuta iko mezani kule mbele na feni yake pembeni, na ukutani kumetundikwa shuka jeupe, projekta inarusha picha kubwa: mama Anyisile anaimba, amenawiri, anatabasamu. Na chini ya picha yake amesimama yeye mwenyewe na maikrofoni, anaimba pamoja nayo. Jasho linamtoka mpaka gauni limemgandia mgongoni. Watu wakaliona jasho lile, wakapagawa. "Moto! Ongeza, mama, ongeza!" Naye akaongeza. Alikuwa na namna gani ya kukataa?

Katikati ya ubeti sauti ikakatika, akaanguka chali.

Kilichofuata mnakijua, maana hata hapa ndivyo tungefanya. Kanisa likalipuka. "Amepokea! Amepokea Roho!" Vigelegele! Mpiga kinanda akaongeza sauti. Mama mmoja wa huduma akaja na kanga, kama ilivyo desturi yetu mwanamke akianguka katika ibada, akamfunika miguu kwa adabu zote, akarudi kucheza. Mgeni mmoja akasogea amwinue, mzee wa kanisa akamshika mkono. "Mwache, Bwana anashughulika naye."

Wakaimba. Wakacheza. Sadaka ikapita, tena watu walimruka pale alipolala ili wafike kwenye kapu. Matangazo yakasomwa, mwalimu akashukuru kila aliyechangia video, akamtaja na mke wake, watu wakapiga makofi.

Ibada ilipokwisha yule mama wa huduma akarudi kuchukua kanga yake. Akamgusa mguu ili amwamshe. Mguu ulikuwa wa baridi. Akamtikisa, akamwita, akamwita tena, halafu akapiga yowe ambalo waliokuwa wameshatoka nje walilisikia wakarudi.

Alikuwa ameshakufa, ndugu zangu. Na mumewe alikuwa wapi? Alikuwa ameinamia mashine yake kule mbele, anasubiri ipoe ndipo aifunge.

Daktari alisema ni malaria, ilikuwa imempanda kichwani. Malaria! Dawa yake ipo kwenye kila zahanati. Mwanamke alikufa kwa malaria, sakafuni, kanisani, katikati ya watu wa Mungu, huku tunampigia vigelegele.

Nimesema tunampigia? Ndiyo, nimesema tunampigia. Sijakosea.

Maana ni sisi. Ni nani katikati yetu tunayemsukumia kila kitu kwa sababu hajawahi kusema hapana? Na siku akipunguza mwendo tunamwambiaje? Hatumwambii, "Dada, siku hizi umepoa sana kiroho"? Hamjawahi kuyasema maneno hayo? Mimi nayasikia kila wiki, mpaka kwenye kikao cha wazee yanasemwa! Mtu amechoka, sisi tunamwombea apate moto. Ana homa, tunamkemea pepo.

Moto wa Mungu siupingi, msije mkanishtaki kwa askofu. Lakini aliyetuumba alituumba tuchoke. Uchovu si dhambi wala si shetani, ni Mungu mwenyewe aliyetuwekea, kwa huruma yake, ili tusife kabla ya wakati. Mashine isiyo na roho inajua kujihurumia, na watu wenye elimu yao walipoona ubongo mmoja unaungua hawakuukemea, walitafuta njia kazi igawanywe. Sisi tulio na roho, tuliofundishwa upendo tangu utotoni, tunamwona mtu anaungua na tunamwambia aongeze! Mnanielewa jamani, au mnanitazama tu?

Hapana, msiseme amina. Amina sitaki leo.

Kule nyuma jikoni kuna akina mama wanawapikia wageni wetu. Tangu alfajiri wako kwenye moshi. Hawajaimba wimbo hata mmoja, na mfano huu hawajausikia, maana hakuna aliyekumbuka kwamba na wao ni waumini. Mmoja wao, sitamtaja, nimemkuta asubuhi amejishika ukutani. Nikamsalimia, nikapita.

Mwanaume mmoja aende akawaite, na yule atakayesema hajisikii vizuri gari langu liko wazi, apelekwe hospitali sasa hivi, si baada ya ibada. Waliobaki waje wakae hapa mbele, kwenye viti vya wazee. Wazee, ndiyo, nyinyi hapo, inukeni. Vueni makoti. Na mimi navua la kwangu. Kuna ndoo ya viazi havijamenywa, twendeni.