Kunde Uani kwa Sultani

Hapo zamani, milima ilipokuwa bado inadaiwa adabu, palikuwa na sultani katika nchi ya Mbirani aliyeitwa Sultani Zaharani. Jumba lake lilikuwa bondeni, chini ya mteremko mrefu uliolimwa na watu wake tangu enzi za mababu, na mbele ya jumba palikuwa na ua mpana wenye hodhi la mawe meupe, ambamo alifuga samaki ambao hakuna aliyeruhusiwa kuwala. Kila asubuhi aliketi barazani akinywa kahawa na kuutazama ule mteremko. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mno kuheshimiwa, na mtu wa namna hiyo hawezi kuketi na kahawa yake bila ya kuona aliyemkosea.

Basi asubuhi moja akamwita waziri wake, jina lake Tawakali, akamwuliza, "Waziri, hebu tazama yale matuta ya mashamba. Yamelalaje?"

Waziri akatazama, akasema, "Bwana wangu, yamekingama. Yametoka upande huu wa mlima yakaenda upande ule."

"Yaani yamenipa ubavu."

Waziri hakuwa amelifikiria jambo hilo maisha yake yote, lakini alikuwa waziri, kwa hiyo akajibu, "Ubavu mtupu, bwana wangu."

Na katika nchi ile ilikuwa desturi kwamba mtu ajaye mbele ya sultani huja uso kwa uso, na ampaye ubavu hupigwa bakora. Ikatoka amri, ikapigwa mbiu mlima mzima: kila mkulima ayageuze matuta yake yateremke moja kwa moja kuelekea jumbani; mawe yaliyopangwa kukinga maji yaondolewe, maana kwa mbali yanafanana na watu waliokaa bila ruhusa; na matete yaliyooteshwa kingoni mwa mashamba yafyekwe, yasimzibe Sultani macho. Naye mwenyewe akaonyesha mfano. Shamba lake la mtama, lililokuwa kileleni, likalimwa upya kwa mistari iliyonyooka hata watu wakasema imepigwa kwa kamba, na kweli ilikuwa imepigwa kwa kamba.

Katikati ya mteremko, chini tu ya shamba hilo la Sultani, alikaa fakiri mmoja jina lake Ngwali. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mbuzi, hakuwa hata na kuku wa kusingiziwa. Alikuwa na mkewe Mize, jembe moja, na shamba dogo la udongo mwekundu alilorithi kwa mama yake. Watu walimwita mjinga, kwa kuwa akiambiwa jambo hulifanya vile vile alivyoambiwa, na tabia hiyo huwaudhi wakubwa kuliko uasi.

Ikanyesha mvua ya vuli, wala haikuwa nyingi. Maji yakaifuata ile mistari ya kileleni, yakateremka mbio, yakachukua udongo wa Sultani pamoja na mbegu zake za mtama, yakavimwaga juu ya nusu ya juu ya shamba la Ngwali. Hazikupita siku nyingi mtama ukaota pale. Msimamizi wa mashamba ya Sultani akauona, akasema mtama ni wa Sultani na mahali ulipoota ni pa Sultani. Ngwali akasema mahali ni pa mama yake. Wakapelekana barazani.

Sultani akasikiliza, akakuna kidevu, akahukumu mbele ya watu wote. Akasema, "Mbegu ni yangu, na udongo ulioibeba ni wangu. Palipoota mbegu ya mtu, hapo ndipo shamba lake lilipo. Hii ndiyo sheria ya Mbirani tangu leo."

Ngwali akauliza, "Kwa mkubwa na mdogo, bwana wangu?"

"Kwa mkubwa na mdogo."

"Hewalla, bwana wangu."

"Na ile nusu iliyokubakia," Sultani akaendelea, "nimeiona asubuhi hii ikinipa ubavu. Igeuze kabla ya masika, la sivyo nayo nitaitwaa."

Ngwali akarudi nyumbani akampa mkewe habari. Mize akalia, na alikuwa na haki ya kulia. Akasema, "Mume wangu, nusu iliyokwenda ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Na hii iliyobaki ukiinyoosha, masika yataikomba hata chini. Tutakula mawe."

"Mawe nayo tumeamriwa tuyaondoe," akasema Ngwali.

Mize hakucheka. Basi Ngwali akachukua jembe akaitii amri, tena akaitii kupita kiasi. Aliyalima matuta yake yakanyooka, akayaelekeza si jumbani tu, bali kwenye lango lenyewe la ua, akisimama kila mara kufumba jicho moja na kulilenga. Mawe akayaondoa yote, matete akayafyeka mpaka mizizi. Kisha akatwaa kunde zote zilizokuwamo nyumbani, za mbegu na za chungu, akazipanda zikakaribiana kama watu wa arusini. Mkewe alipoona kibuyu kimebaki kitupu, akamwuliza, "Na zisipoota?"

Ngwali akasema, "Zitaota. Sijui tu wapi." Usiku ule hakuna aliyelala usingizi mzuri katika nyumba ile, si mke wala mume.

Yakaja masika. Mvua ilianza alfajiri, na jua lilipotoka halikuonekana. Zamani maji yalipokuwa yakiteremka mlima ule yalikuwa yakikutana na tuta, yakasimama, yakanywewa na ardhi; yaliyobaki yakakutana na matete, yakachujwa, yakaacha udongo hapo. Siku ile hayakukutana na mtu. Yalishika njia iliyonyooka, yakaingia langoni pa Sultani bila hodi, yakiwa mekundu, yakapanda ngazi za baraza, na yalipotulia ua ulikuwa tope tupu, hodhi limejaa mpaka ukingoni, na wapishi wanawatoa samaki kwa ungo.

Ngwali akaitwa. Sultani alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Ewe Ngwali, udongo huu mwekundu ni wa nani?"

"Ni wangu, bwana wangu. Umekuja uso kwa uso, kama ulivyoamriwa."

Watu wakatazama chini. Sultani akakasirika kwelikweli, akasema, "Basi sikiliza. Mvua zitakapokatika, nataka nikute udongo wako wote umo shambani mwako, usipungue hata kiganja. Ukishindwa, shamba lako lote ni langu, nawe na mkeo mtaihama nchi hii."

Kila mtu aliyekuwapo alijua kwamba kazi ile haifanyiki na mtu mmoja, wala na watu mia. Ngwali akainama, akasema, "Hewalla. Ila naomba jambo moja, bwana wangu. Watumishi wako wasiuguse udongo huu, wasije wakanipunguzia kiganja." Sultani akaona ombi lile limejaa ujinga, akalikubali.

Akawa Ngwali anakuja kila siku, anasimama langoni, anautazama ua, anaondoka. Waziri Tawakali akimwuliza kwa nini hachoti, hujibu, "Bado unapumzika, umetoka mbali." Huko mlimani Mize alikuwa amekwisha kuanza kufunga mizigo.

Hata siku moja ua ukawa na rangi ya kijani. Zilikuwa kunde, zimechipua kuanzia langoni hadi ngazini, nyingine pembezoni mwa hodhi, na moja imejitokeza katika kiatu cha Sultani kilichosahauliwa topeni. Siku ile Ngwali alikuja na jembe, na Mize nyuma yake, wakapitishwa na askari wa langoni wakidhaniwa wamekuja kuchota. Wakaanza kulima. Wakapandisha matuta yaliyoukingama ua toka ukuta hadi ukuta, wakizizungukia kunde kwa uangalifu, na palipo na mawe yaliyong'oka hodhini wakayapanga mstari.

Sultani akatoka barazani. "Unafanya nini?"

"Napalilia, bwana wangu."

"Na kwa nini matuta hayo yananipa ubavu ndani ya ua wangu?"

Ngwali akajiegemeza kwenye jembe. "Amri ilikuwa ya mlimani, bwana wangu, nami huku niko bondeni. Ila ukiniruhusu nikae mpaka alasiri, tuta lenyewe litakujibu. Mimi si msemaji."

Sultani akaagiza kahawa, akaketi kusubiri tuta liseme. Alasiri ikanyesha mvua kubwa. Maji yakaja kutoka mlimani yakiwa na haraka kama siku ile ya kwanza, yakaingia langoni, yakalikuta tuta, yakasimama. Yaliyolivuka yakalikuta la pili. Sultani akayatazama yakisimama na kuzama ardhini mbele ya macho yake, mpaka kahawa ikapoa mkononi. Ngazi za baraza zilikuwa kavu. Akaingia ndani.

Mvua zikakatika, na siku ya hukumu ikafika. Watu wa mlimani wote wakaja, maana kila mmoja alikuwa na udongo wake pale chini na shamba jembamba kule juu. Mize alikuja na mizigo yake kichwani, ili asirudi mara mbili.

Sultani akasema, "Ewe Ngwali, nilikuamuru udongo wako wote uwe shambani mwako."

"Umo, bwana wangu. Haujapungua kiganja."

"Mbona nauona hapa?"

"Ndiyo, bwana wangu, uko hapa. Kunde hizi ni za nani?"

Sultani akamtazama waziri, waziri akasema, "Ni za Ngwali, bwana wangu, amezipalilia mbele yetu."

"Basi," akasema Ngwali, "palipoota mbegu ya mtu…" Akanyamaza, akasubiri kwa adabu, kama mtu aliyesahau shairi.

 Kisha Sultani mwenyewe akaimalizia, polepole, "…hapo ndipo shamba lake lilipo."

"Hewalla. Nawe bwana wangu, sikulaumu, lakini umesimama juu ya tuta."

Sultani akatazama miguuni pake, akajiona yu kati ya miche miwili ya kunde, akasogea. Huko ndiko kulikomponza, maana watu wote walimwona akisogea.

Waziri Tawakali akamnong'oneza, "Bwana wangu, ifute ile sheria, ua utakuwa wako tena."

"Nikiifuta," Sultani akasema kwa sauti, "nusu ya juu ya shamba la Ngwali inarudi kwake."

"Inarudi, bwana wangu, lakini na udongo huu utakuwa hauko shambani mwake, naye atakuwa ameshindwa. Atahama."

Mize akashika mizigo yake. Sultani akautazama ule mteremko aliokuwa akiutazama kila asubuhi, ukiwa umekwanguka na mawe yake nje, akaona aibu, na baada ya aibu akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha hata kilemba kikamlegea.

Akasema, "Sheria nimeifuta. Nusu ya Ngwali ni ya Ngwali. Na udongo lazima urudi kama nilivyoamuru, wake na wa wenzake wote, maana neno langu ni neno langu. Lakini amri ile ya kunyoosha matuta hakuitunga Ngwali. Nilikuuliza wewe, waziri, ukaniambia nini?"

Waziri akajibu chini chini, "Ubavu mtupu, bwana wangu."

"Basi tafuta kikapu."

Ikawa kiangazi kile chote askari na watumishi wa jumbani wakawa wanaupanda mlima na vikapu vya udongo, na Waziri Tawakali mbele yao. Matuta yakakingamishwa, mawe yakarudishwa mahali pake, matete yakaoteshwa upya, na Sultani akanywa kahawa yake akipewa ubavu na mlima mzima wala asione vibaya. Kunde zilizokomaa uani Ngwali alimpelekea Sultani bakuli moja, nyingine Mize akazirudisha katika kibuyu.

Wanasema siku waziri alipofika na kikapu chake cha kwanza, kanzu imelowa jasho, alitaka kuumwaga udongo ovyo apumzike. Ngwali akamshika mkono kwa heshima, akamwambia, "Kiubavu, bwana waziri." Hayo ndiyo niliyoyasikia. Mimi sikuwapo, ila mbegu ya zile kunde ninayo, na shamba langu ni la mteremko.